Haja kubwa ukiibana inakwenda wapi, na kwa nini bawasiri inatoka damu bila kuuma

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Ukibana haja kubwa hadi hamu ikaisha, kile kinyesi kimekwenda wapi? Na inakuwaje bawasiri imwage damu bila maumivu, ilhali mpasuko mdogo tu wa mlango wa haja kubwa unamtoa mtu mzima machozi? Mimi ni muuguzi, kazi yangu ya miaka mingi ni kwenye chumba cha kupimia utumbo kwa kamera, na maswali haya nayasikia sana, kwa kawaida kwa sauti ya chini baada ya mlango kufungwa.

Wengi wanaamini puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, ni tangi la kutunzia kinyesi. Si kweli. Muda mwingi puru huwa tupu au karibu tupu, na kinyesi kinasubiri juu yake, kwenye kipande cha utumbo mpana kilichojipinda upande wa kushoto (ndiyo maana tunakulaza ubavu wa kushoto tukitaka kukupima). Puru yenyewe ina urefu wa sentimita 12 hadi 15 hivi. Imeegemea mfupa wa mwisho wa mgongo na kufuata mpindo wake, kisha inaishia kwenye mfereji mfupi wa sentimita 3 au 4 unaotokea nje. Mbele yake mwanaume ana kibofu na tezi dume, mwanamke ana uke na mfuko wa uzazi. Daktari anayepapasa tezi dume kwa kidole anaipapasa kupitia ukuta wa puru.

Kwangu mimi, kazi kubwa ya puru ni kuhisi. Mawimbi ya utumbo mpana, ambayo huwa na nguvu zaidi baada ya kula na asubuhi ukishaamka, yanasukuma kinyesi kiingie puruni. Ukuta unatanuka, neva zinapeleka taarifa. Papo hapo msuli wa ndani wa mlango unalegea kidogo bila kukuomba ruhusa, na kilichofika kinagusa sehemu ya juu ya mfereji, yenye hisia kali kuliko puru. Hapo mwili unapambanua: hii ni hewa, haya ni majimaji, hiki ni kigumu. Upimaji huu unafanyika mara nyingi kwa siku bila wewe kujua, na ndio unaokuwezesha kuachia hewa peke yake. Aliyewahi kuharisha vibaya anajua kwamba siku nyingine unakosea.

Kufunga kunafanywa na misuli mitatu. Wa ndani hauamrishwi na mtu, na ndio unaobeba sehemu kubwa ya kazi, hata ukiwa usingizini. Wa nje ndio unaoubana mwenyewe pale hali inapokuwa tete. Wa tatu hautajwi sana lakini naupenda kuliko yote: unaanzia kwenye mfupa wa kinena, unaizunguka puru kwa nyuma na kurudi mbele, ukiivuta ijikunje karibu nyuzi 90, kama mpira wa maji uliokunjwa ili maji yasipite. Ukichuchumaa, au ukikaa kwenye choo cha kiti huku miguu ikiwa juu ya kistuli na umeinama mbele, kona hiyo inanyooka zaidi na njia inafunguka.

Sasa ukibana: ukuta wa puru unalegea kukipa kinyesi nafasi, taarifa zinapungua, hamu inapoa. Kingine kinaweza hata kurudishwa juu kidogo. Hakijapotea, na maji yake yanaendelea kufyonzwa, hivyo kitatoka kikiwa kigumu zaidi. Mara mojamoja haina neno. Ikiwa mazoea, puru inazoea kutanuka na inataka mzigo mkubwa zaidi ndipo ikuamshe. Kwa watoto na wazee hufika mahali kinyesi kigumu kimeziba kabisa, na cha majimaji kinapenya pembeni na kuchafua nguo. Nyumbani wanadhani mgonjwa anaharisha, wanampa dawa ya kuzuia, na tatizo linakuwa kubwa zaidi.

Kuna jambo jingine ninaloliona kazini. Daktari akiwa na kidole ndani humwambia mgonjwa abane, halafu asukume kama yuko chooni. Wapo ambao wakiambiwa wasukume, wanabana. Wamekaa miaka wakinywa dawa za kulainisha choo, kumbe shida ni misuli isiyolegea wakati wake. Hao husaidiwa zaidi na mazoezi ya misuli ya nyonga chini ya mtaalamu kuliko na chupa nyingine ya dawa.

Kuhusu damu, jibu liko kwenye mpaka uliopo katikati ya ule mfereji. Juu ya mpaka neva ni zilezile za viungo vya ndani, zinazohisi kujaa na kutanuka lakini si kukatwa. Tukinyofoa kinyama puruni kwa ajili ya maabara, mgonjwa mara nyingi hashtuki hata kidogo. Chini ya mpaka hisia ni za ngozi kabisa. Bawasiri ya ndani iko juu ya mpaka. Inatokana na vifuko laini vya mishipa ya damu ambavyo kila mtu anavyo na vinasaidia kuziba mlango. Vikivimba na kushuka ndipo tunaita ugonjwa. Mpasuko uko chini, ndiyo maana unauma vile. Bawasiri ya nje damu ikigandia ndani nayo inauma sana, kwa sababu hiyohiyo.

Kwa hiyo, mkuu, kutouma kusikutulize. Saratani ya puru nayo huanzia juu ya mpaka na inaweza kutoka damu muda mrefu bila maumivu yoyote. Ukiona damu, au choo kimebadilika kwa wiki kadhaa, au kila ukitoka chooni unahisi hujamaliza, au uzito unashuka bila sababu, usinunue dawa ya bawasiri kwa kubahatisha. Nenda upimwe, na usikatae kipimo cha kidole: hakichukui hata dakika mbili.