Mikono na miguu ya shemeji kujikunja yenyewe: pimeni kalsiamu na magnesiamu

Mkuu wa Kibaigwa, pole sana. Umesema tangu shemeji ajifungue vidole vya mikono yote miwili vinajikunja vyenyewe, mara nyingine na vya miguu, midomo inakufa ganzi, lakini akili ni timamu na anaongea. Wengine wamekwambia ni mashetani, wengine wanasema ale ndizi na kunywa maji mengi. Hali hii nimeipitia baada ya kutolewa tezi ya shingo, ngoja nikueleze.

Angalia kwanza mkono unakaaje. Msuli wa mtu aliyeshinda analima juani hukaza sehemu moja, mara nyingi kigimbi. Ukiunyoosha na kuusugua unaachia. Ya shemeji ni tofauti. Mimi kifundo cha mkono kilipinda kwa ndani, vidole vinne vikanyooka na kubanana, dole gumba likalala kiganjani. Mume wangu alijaribu kulitoa, likagoma. Vidole vya miguu navyo vikapinda kuelekea unyayoni. Kabla ya hapo ncha za vidole na pembeni mwa mdomo palikuwa panachomachoma.

Daktari alinifunga kipimo cha presha mkononi, akakijaza upepo kupita presha yangu, akakiacha hivyo. Hungojewa dakika 3. Mkono wangu ulijikunja hazijaisha, nao akautazama tu, akaagiza damu. Ishara hiyo ina jina la daktari Mfaransa, Armand Trousseau, aliyeieleza mwaka 1861.

Kalsiamu ndiyo inayotuliza mishipa ya fahamu. Kwa kawaida kwenye damu iko kati ya milimoli 2.1 na 2.6 hivi kwa lita. Ikishuka, mishipa inasisimka ovyo na misuli inakaza bila mwenyewe kutaka. Nyuma ya tezi ya shingo kuna vitezi vingine, kwa kawaida 4, vidogo kama punje za mchele, ndivyo vinavyoilinda. Baada ya upasuaji vinaweza kuzubaa kwa muda, wengine moja kwa moja.

Shemeji hajapasuliwa shingo, kwa hiyo sababu yake itafutwe kwingine. Ananyonyesha, na kalsiamu nyingi inaenda kwenye maziwa. Muulize pia kama ametapika au kuharisha sana, au anameza omeprazole (dawa ya kupunguza asidi tumboni) muda mrefu, maana hayo hupunguza magnesiamu. Hapa ndipo wengi wanakwama: magnesiamu ikiwa chini, hata umpe kalsiamu kiasi gani haikai. Omba vipimwe vyote viwili, pamoja na albumini, yaani protini ya damu inayobeba kalsiamu.

Kuna jambo jingine. Mtu mwenye hofu akihema harakaharaka anatoa kaboni daioksaidi kupita kiasi, na kalsiamu iliyo huru kwenye damu inashuka hata kama jumla yake ni ya kawaida. Mikono inajikunja vilevile. Mzazi asiyelala, halafu anasikia majirani wakinong'ona kuhusu mapepo, lazima hofu imwingie. Kaa naye, mhesabie apumue polepole. Msimzibe mdomo kwa mfuko. Na hao wanaoongea mbele yake, tafadhali waondoe.

Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa mgando na ufuta vyote vina kalsiamu, na huku kwetu havikosi. Ila kwa aliyekwisha kukakamaa chakula hakitawahi; hospitalini huchomwa kalsiamu kwenye mshipa, taratibu kwa dakika 10 hivi, kwa sababu ikiingia haraka inasumbua moyo. Akipewa vidonge vya kalsiamu, avipishanishe na vile vya kuongeza damu. Mimi navitenga saa 4 na kidonge changu cha tezi.

Taya likikaza au mgongo ukipinda, hiyo inaweza kuwa pepopunda. Akiumwa kichwa sana, akaona ukungu, au akapata degedege la mwili mzima, ni dalili za kifafa cha mimba, ambacho humpata mtu hata wiki kadhaa baada ya kujifungua. Koo likibana akawa anakoroma anapovuta pumzi, ni hatari pia. Kwa lolote kati ya hayo mpelekeni hospitali usiku huohuo.

Kama hana hayo, mpelekeni kesho asubuhi, msianzie duka la dawa. Majibu yakitoka, andika hapa namba ya kila kipimo pamoja na kiwango cha kawaida cha maabara hiyo, tusaidiane kuyasoma.