Nimeambiwa nilizidishiwa mafao ya kukosa kazi: nilipe, niombe msamaha au nikate rufaa?

SWALI: Wakili, salamu. Mimi ni mama wa watoto watatu. Tulikuja Marekani kama wakimbizi kutoka Uvira, na sasa tunaishi San Diego, California. Nilipopunguzwa kazi hotelini nilianza kupokea mafao ya kukosa kazi, dola 320 kwa wiki, na baadaye nikapata kazi ya kufua nguo kwenye hoteli nyingine, siku chache tu kwa wiki. Kila nilipojaza fomu ya wiki mbili niliandika pesa nilizopokea mkononi. Sasa nimeletewa barua mbili: ya kwanza inasema nilitoa taarifa za uongo kuhusu mshahara wangu, ya pili inasema nilizidishiwa dola 2,180 katika wiki 20 na nimeongezewa faini ya dola 654. Nilijaza fomu ya kueleza kipato cha familia ili nisamehewe deni, nikaituma, lakini sijajibiwa. Barua hizo zina siku 19 sasa. Kazi ya kufua nayo imeisha, nimelifungua upya dai langu, na hii ni wiki ya tano sijalipwa wala simu yangu haijapokelewa. Mume wangu anasema tuanze kulipa kidogo kidogo, tusije tukanyimwa uraia. Tufanye nini?

JIBU: Dada yangu, kabla ya jambo lolote lingine, peleka rufaa wiki hii, na iwe juu ya barua zote mbili. California inakupa siku 30 kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye barua, si tarehe uliyoifungua bahasha, na katika hizo umebakiwa na 11. Fomu ya msamaha uliyoituma haizuii siku hizo kuhesabiwa, na ukimya wa ofisi hauzirefushi. Naanza na hili kwa sababu ndilo linalowaumiza watu wengi wanaonijia: mtu ameomba msamaha kwa nia njema, anangoja majibu kwa subira, na akija kuzinduka uamuzi wenyewe umeshakuwa wa mwisho. Wasomaji walioko majimbo mengine wawe waangalifu zaidi, kwa maana Texas hutoa siku 14 na Ohio 21.

Rufaa na msamaha ni maombi mawili yenye maana tofauti. Kwa rufaa unasema kwamba uamuzi una kosa: sidaiwi, au sidaiwi kiasi hiki, au sikudanganya. Kwa msamaha unasema kwamba hata kama pesa zilizidi, halikuwa kosa langu, na kunitoza sasa kungeitia familia yangu katika shida isiyo ya haki. Yote mawili yanaruhusiwa kwenda pamoja, na katika shauri lako la pili linalitegemea la kwanza kabisa, kwani sheria ya California haimsamehei deni mtu aliyepatikana na udanganyifu au aliyelisababisha kwa kosa lake. Maadamu barua inayosema ulitoa taarifa za uongo imesimama, fomu yako ya kipato haina uzito hata kama nyumbani hakuna unga.

Ndiyo sababu nasisitiza barua zote mbili. Ya kwanza ndiyo yenye hukumu juu ya yale uliyoyafanya, na ya pili ni hesabu ya pesa iliyojengwa juu ya hukumu hiyo. Ukikata rufaa juu ya deni peke yake, jaji atakuta suala la uongo limeshafungwa, naye atabaki na nafasi ndogo ya kukusaidia. Rufaa haihitaji lugha ya kisheria. Tumia fomu DE 1000M inayoambatana na barua, au andika karatasi ya kawaida yenye jina lako, namba ya dai na tarehe za barua zote mbili, useme kwamba unakataa uamuzi wa taarifa za uongo, kiasi cha deni na faini, kisha useme kwamba unahitaji mkalimani wa Kiswahili. Itume kwa anwani iliyo kwenye barua, na utunze nakala pamoja na risiti ya posta.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana naona ndani yake kosa la kweli na dalili ya kosa jingine ambalo si lako. Fomu ya wiki mbili huuliza mshahara kabla ya makato, tena mshahara wa wiki uliyofanya kazi, hata kama utalipwa wiki inayofuata. Wewe uliandika pesa za mkononi. Tuseme wiki moja ulifanyia kazi dola 280, na baada ya makato ukapokea 240. California huacha bila kuhesabu dola 25 au robo ya mshahara wa wiki hiyo, kutegemea ipi ni kubwa, na kinachobaki hukatwa kwenye mafao. Robo ya 280 ni 70, kwa hiyo zilitakiwa kukatwa dola 210 na ulipwe 110. Kwa kuwa uliandika 240, robo yake ikawa 60, zikakatwa 180, ukalipwa 140. Ulizidishiwa dola 30. Kwa wiki 20 zinazofanana hiyo ni dola 600, na barua inadai 2,180.

Tofauti hiyo ya dola 1,580 lazima itolewe maelezo. Hutokea kwamba mwajiri, akiulizwa na idara ya ajira, yaani EDD, hujibu kwa jumla ya kipindi cha malipo, kisha jumla hiyo ikagawanywa sawasawa katika wiki ambazo wewe hukufanya kazi sawasawa, au wiki nyingine hukufanya kazi kabisa. Chukua hati zako zote za mshahara na orodha ya zamu, upige mstari kwa kila wiki kuanzia Jumapili hadi Jumamosi, kwa sababu hivyo ndivyo EDD inavyohesabu wiki, na uandike saa ulizofanya, mshahara kabla ya makato, mafao uliyolipwa na mafao uliyostahili. Karatasi hiyo moja itakusaidia mbele ya jaji kuliko maelezo ya saa nzima. Ikionyesha kwamba kweli unadaiwa dola 600, sema hivyo waziwazi. Mtu anayekiri sehemu iliyo ya haki huaminika anapoikataa sehemu isiyo ya haki.

Faini ya dola 654 ni asilimia 30 ya deni, na hutozwa pale tu idara inaposema kwamba mtu alisema uongo kwa makusudi ili apate mafao. Makusudi ndiyo nguzo ya jambo hili. Mtu aliyeandika pesa za mkononi kila mara, kwa utaratibu uleule, bila kuificha hata wiki moja aliyofanya kazi, ana mwenendo wa mtu asiyelielewa swali, wala si wa mtu anayeficha. Eleza ulisoma fomu kwa lugha gani, nani alikusaidia, na ulielewa nini.

Usiogope kuikataa tuhuma ya udanganyifu kwa kudhani kwamba serikali haikosei. Jimbo la Michigan lilitumia mfumo wa kompyuta ulioitwa MiDAS kati ya mwaka 2013 na 2015, ukawatia hatiani watu wapatao 40,000 kwa udanganyifu wa mafao, na ulipochunguzwa upya ikaonekana kwamba sehemu kubwa mno ya tuhuma hizo hazikuwa za kweli. Watu walikuwa wameshakatwa mishahara na kuchukuliwa marejesho ya kodi. Mwaka 2022 jimbo lilikubali kulipa dola milioni 20 kuimaliza kesi. Wengi wao hawakukata rufaa kwa wakati, na kwa hilo siwezi kuwalaumu, lakini nisingependa wewe uwe mmoja wao.

Kuhusu wiki tano ambazo hujalipwa, uliza kwanza kama huu ni ucheleweshaji kweli. Inawezekana ni adhabu ambayo tayari inatekelezwa. Anayepatikana na taarifa za uongo hupewa wiki kadhaa za kukosa mafao, na zaidi ya hapo deni la udanganyifu huruhusu idara kuchukua mafao yake yote, asilimia 100, hadi deni liishe. Deni lisilo la udanganyifu hukatwa asilimia 25 tu. Kwa mafao yako hiyo ni dola 80 kwa wiki, nawe ungebakiwa na 240. Hapo utaona kwamba rufaa juu ya barua ya kwanza inahusu chakula cha mwezi huu pia, si deni la mwaka jana peke yake. Fungua akaunti yako ya mtandaoni ya EDD, usome kila wiki imeandikwaje, upige picha ya ukurasa huo na kuitunza.

Ikiwa ni ucheleweshaji mtupu, sheria iko upande wako kwa kiasi fulani. Sheria ya hifadhi ya jamii ya mwaka 1935, ambayo ndiyo mzizi wa mafao haya nchini Marekani, inadai kwamba majimbo yalipe pale mafao yanapostahili kulipwa. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya Marekani iliyatumia maneno hayo dhidi ya California yenyewe, katika shauri la mwanamke aitwaye Judith Java, aliyeachishwa kazi, akakubaliwa mafao, kisha malipo yakasimamishwa kwa sababu tu mwajiri wake amekata rufaa. Mahakama ilisema hapana: mtu akishakubaliwa baada ya pande zote kupewa nafasi ya kusikilizwa, alipwe. Kanuni za shirikisho nazo zinayataka majimbo yatoe angalau asilimia 60 ya maamuzi ya rufaa za ngazi ya kwanza ndani ya siku 30 na asilimia 80 ndani ya siku 45. Viwango hivyo hupimwa kwa jimbo zima, wala havimpi mtu mmoja haki ya kupata uamuzi wake ndani ya siku hizo, lakini ni vizuri kuvitaja unapolalamika kwa maandishi.

California ina nafuu nyingine iliyoanza mwaka 2021. Mtu ambaye ameshalipwa angalau wiki moja katika dai lake, kisha suala la kustahili kwake likakaa zaidi ya wiki mbili bila uamuzi, anaweza kulipwa kwa masharti wakati uchunguzi unaendelea. Iulizie kwa maandishi kupitia akaunti yako. Ujue tu kwamba ukija kuonekana hukustahili, pesa hizo nazo zitadaiwa, kwa hiyo jibu kila swali la fomu kwa uangalifu mkubwa. Halafu piga simu ofisi ya mbunge wako wa bunge la jimbo. Kila ofisi ya namna hiyo ina watumishi wanaofuatilia mafaili ya wananchi katika idara za serikali, nao hawakuulizi kama una uraia. Watu wetu wengi huona haya kwenda huko kana kwamba wanaomba upendeleo, ilhali ni huduma ya kawaida kabisa.

Na usiache kujaza fomu ya kila wiki mbili hata kama hulipwi. Wiki isiyojazwa haina cha kulipwa rufaa ikishinda, na hata wiki za adhabu hazihesabiwi kuwa zimepita kama hukuzijaza.

Mumeo ana hofu ya haki, lakini ameielekeza mahali ambapo tatizo halipo. Mafao ya kukosa kazi yanatokana na kodi wanayolipa waajiri na kazi uliyoifanya wewe, na sheria ya uhamiaji haiyahesabu kama kuwa mzigo kwa serikali. Kuwa na deni tu si kosa la uhamiaji. Lililo hatari ni kumbukumbu rasmi inayosema ulidanganya serikali ili upate pesa, kwa kuwa ofisa wa uraia huangalia mwenendo mwema wa mwombaji. Kwa hiyo kuanza kulipa kimyakimya huku uamuzi wa uongo ukiachwa bila kupingwa kunaliacha faili lako na doa lilelile mnalolikimbia. Na usitie saini karatasi yoyote inayokiri udanganyifu kabla ya kuonana na wakili wa uhamiaji.

Siku ya kusikilizwa, ambayo mara nyingi huwa kwa simu, jaji atakupa mkalimani bila malipo. Akiwa anazungumza Kiswahili cha Mombasa na wewe cha Kivu, na mkapotezana hasa kwenye maneno ya mshahara na makato, sema palepale, kwa sauti, ili irekodiwe. Ukinyamaza, utaonekana ulielewa. Ukishindwa mbele ya jaji huyo, unaweza kwenda kwenye bodi ya rufaa ya jimbo, nako una siku 30. Deni litakalobaki, kama lipo, liombee msamaha upya kwa hati za kodi ya nyumba, bili na kipato cha familia cha miezi sita, na msamaha ukikataliwa, uamuzi huo nao hukatiwa rufaa. Ukikosa vyote, omba mpango wa kulipa kwa awamu kabla hawajaanza kuchukua wenyewe, kwa kuwa deni linalotokana na mshahara usioripotiwa huweza kukatwa kwenye marejesho yako ya kodi ya shirikisho.

Kuhusu kodi hiyo, mafao haya hutozwa kodi ya shirikisho, na mwanzoni mwa mwaka huletewa fomu 1099-G yenye jumla uliyolipwa. Pesa utakazorudisha ndani ya mwaka uleule huondolewa kwenye kipato unapojaza kodi. Utakazorudisha mwaka mwingine zina utaratibu wake, na nafuu huanza pale tu zinapozidi dola 3,000, kiasi ambacho deni lako na faini yake havijakifikia.