Miji mingapi, na ipi? Kwa mzazi wa Tabora au Kigoma anayesafiri na vijana wa sekondari

Dada mmoja wa Kaliua ameniandikia. Yeye na mumewe wana watoto watatu, wa miaka 17, 15 na 13, na mwezi wa sita shule zikifungwa wamepata siku kumi. Ameniorodheshea Mwanza, Arusha, Dodoma, Dar es Salaam na Zanzibar, anauliza aanzie wapi.

Dada yangu, kabla ya kuuliza uanzie wapi, tuhesabu barabara. Kaliua hadi Mwanza ni siku moja. Mwanza hadi Arusha kwa basi, kupitia Shinyanga na Singida, siku nyingine nzima. Arusha hadi Dodoma kupitia Babati na Kondoa, nayo imekula siku. Dodoma hadi Dar kwa SGR ni nusu siku ukijumlisha kufika stesheni mapema na kutafuta malazi upande wa pili. Boti ya Zanzibar, nusu siku. Kurudi nyumbani kutoka Zanzibar, siku mbili ukiwa na bahati. Jumla ni siku sita za kukaa kwenye viti, na nne zilizobaki zigawanywe kwa miji mitano. Mtoto wa miaka saba atalala mapajani kwako. Wa miaka 15 atavaa spika za masikioni, atanuna, na kufikia siku ya nne mtakuwa mnagombana kituo cha mabasi mbele za watu.

Kanuni ninayoisimamia ni usiku tatu kwa mji mmoja. Siku ya kufika haihesabiki kwa sababu mmechoka, na siku ya kuondoka haihesabiki kwa sababu akili iko kwenye mizigo. Ukilala usiku mbili umepata siku moja kamili tu. Mji mdogo unaoweza kumalizwa kwa siku hiyo moja, usiku mbili zinautosha. Siku kumi ni usiku tisa, kwa hiyo miji mitatu ndiyo kikomo, na mmoja wao uwe njiani, usiwalazimishe kukata kona.

Sasa, ipi? Wazazi wengi huanza na majina makubwa. Anza na umri. Watoto wa rika hili wanaishi kwenye mipaka ambayo mtu hagundui mpaka afike dirishani. Kwenye SGR mtoto wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu nauli, na akishafika 13 ni nauli kamili, kwa hiyo huyu wako mdogo ni mtu mzima tayari. Kwenye hifadhi za taifa, kiingilio cha mtoto ni miaka 5 hadi 15, na kuanzia 16 analipa cha mkubwa. Na Gombe, ambako kila kijana aliyewahi kusikia habari za sokwe anataka kwenda, aliye chini ya miaka 15 haruhusiwi kuingia msituni kuwafuata sokwe. Mahale wanaanzia miaka 12, lakini Mahale iko zaidi ya kilomita 100 kusini mwa Kigoma kwa maji, na gharama yake ni ya safari ya peke yake.

Kwa hiyo katika familia yako wawili wanaingia Gombe na mmoja anabaki. Jambo hili liamuliwe mezani nyumbani, lisiamuliwe ufukweni pale Kasekela, boti zinaposhusha wageni wa Gombe, huku mtoto analia. Beba nakala ya cheti cha kuzaliwa cha kila mmoja. Huyo wa miaka 15 mwenye umbo dogo atatiliwa shaka, na bila karatasi huna la kujitetea.

Baada ya umri, waulize wao. Usiwaulize wanataka kwenda mji gani, maana watakutajia Zanzibar kwa sababu ya picha walizoziona kwenye simu. Mpe kila mmoja karatasi aandike mambo matatu anayotaka kufanya: kuogelea, kuona chuo, kulala kwenye treni, kula kitu asichowahi kula, kununua viatu, kupanda mlima. Kisha wewe mzazi utafute mji unaobeba matakwa ya angalau watoto wawili kwa pamoja. Mji unaomfurahisha mmoja tu utawafanya wengine wawe wasindikizaji, na kijana hapendi kusindikiza.

Kipimo cha tatu kwangu ndicho kikubwa kuliko vyote, na wazazi wengi hawakifikirii kabisa. Je, katika mji huo unaweza kumwachia mtoto wa miaka 15 atembee saa mbili bila wewe? Rika hili linataka kuaminiwa, na safari ambayo baba anawapanga mstari kutoka asubuhi hadi usiku inawachosha kuliko basi. Tabora mjini inapita kipimo hiki bila shida: mitaa imenyooka, miembe inatoa kivuli, bodaboda na bajaji zinapatikana, na anayepotea anauliza stesheni au sokoni akaelekezwa. Kigoma nayo inapita, kwa sababu ukiwa na ziwa upande mmoja na barabara inayopanda kwenda Mwanga huwezi kupotea sana. Mwanza katikati ya mji inapita mchana. Kariakoo haipiti, Dar unakwenda na watoto ukiwa umewashika karibu. Sisemi Dar ni mbaya. Ni mji wa safari nyingine, yenye ndugu wa kufikia na wiki nzima ya kukaa.

Na hapa niseme lililo moyoni. Inaniuma ninapoona orodha ya familia inayokaa Kaliua, kwenye reli yenyewe, ambayo haina Tabora wala Kigoma. Watoto hawa wanakariri darasani biashara ya misafara, watemi Mirambo na Isike, Uamuzi wa Busara, halafu wanavukishwa Tabora usiku wamelala kwenda kutafuta "historia" pengine. Stanley alimkuta Livingstone Ujiji, jirani na Kigoma, mwaka 1871, wakaenda pamoja kuchunguza upande wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, kisha wakaja kwenye tembe (nyumba ya udongo yenye paa bapa) la Kwihara, nje kidogo ya Tabora. Stanley aliondoka Machi 1872 na Livingstone akabaki kwenye tembe lile hadi Agosti. Ujiji kuna mnara na makumbusho, Kwihara tembe lipo. Kijana akiona vyote viwili katika safari moja, njia ya Ujiji, Tabora hadi Bagamoyo inaacha kuwa mstari kwenye ramani ya kitabu. Nyerere alisoma Tabora School kuanzia 1937, na TANU ilikutana Tabora Januari 1958 kuamua kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alichagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia; huo ndio Uamuzi wa Busara. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anayajua haya kwa ajili ya mtihani. Mpeleke ayakanyage.

Lakini yapange kwa akili. Makumbusho moja kwa siku, basi. Dakika arobaini zikipita kijana anaanza kutazama simu, na ukimkemea umeharibu siku. Kwihara iwe asubuhi kabla ya jua kali, halafu mchana wapumzike, jioni wawe huru mjini na pesa yao mkononi. Tena usiwaamshe alfajiri kila siku. Mwili wa kijana wa rika hili huchelewa kupata usingizi na huchelewa kuamka, na hilo ni umbile, si uvivu. Siku moja ya kudamka, siku moja ya kulala hadi saa tatu.

Kigoma ndiyo ningeiweka kiini cha safari yenu. Nendeni kwa treni. Reli ilifika hapo mwaka 1914 na ndiyo mwisho wake, na kijana anapoamka asubuhi akaona ziwa dirishani, hutahitaji kumwambia kwa nini mlikwenda. Treni haipo kila siku, kwa hiyo uliza stesheni siku zake kwanza, ndipo upange tarehe nyingine zote kuizunguka. Daraja la pili la kulala lina vitanda sita kwa chumba, na kwa kawaida wanaume na wanawake hutenganishwa, isipokuwa familia ikichukua chumba kizima. Ninyi mko watano: nunueni vitanda vyote sita. Hicho cha sita ni cha mizigo, na ndicho kinachowaweka pamoja mkafunga mlango mkalala. Ukinunua vitano, baba na mtoto wa kiume watakuwa behewa jingine na abiria mgeni atalala juu ya kichwa cha binti yako. Ukipandia Tabora, soma kibao cha behewa au muulize mhudumu kabla ya kukaa, maana Tabora ndipo njia zinapoachana: ya Mwanza kaskazini, ya Kigoma magharibi, na ile ya Mpanda inachepuka Kaliua. Treni ikichelewa, na huchelewa, usiwe umelipia kitu chochote cha asubuhi ile mnayotarajia kufika.

Gombe kutoka Kigoma haifikiki kwa barabara, ni kwa maji tu. Boti za abiria za wanakijiji huondoka Kibirizi kati ya saa sita na saa nane mchana, na zinazorudi hupita Gombe asubuhi mapema. Maana yake ukitumia hizo ni lazima ulale hifadhini usiku mbili ili upate siku moja ya msituni. Wengi hukosea hapa: wanapanga kwenda na kurudi siku hiyo hiyo kwa boti ya abiria, wanajikuta wamekwama. Ukitaka siku moja, kodi boti, ondokeni mapema, na mrudi kabla upepo wa mchana haujanyanyua mawimbi. Maboya ya kuvaa yawepo, moja kwa kila kichwa, uyaone kwa macho yako kabla ya kulipa. Vilima vya Gombe vimesimama wima, kwa hiyo viatu vya kufunga kamba, si malapa. Mwenye mafua au kikohozi haruhusiwi kwenda kwa sokwe, kwa kuwa maradhi yetu ya kifua yanawaambukiza na kuwaua. Ndiyo maana naiweka Gombe siku za mwanzo, kabla safari haijamwachia mtu mafua. Mkishawapata mtakaa nao saa moja, kwa umbali wa mita zisizopungua kumi, mkiwa mmevaa barakoa.

Na yule wa miaka 13? Siku hiyo ni yake na mama. Ufukwe wa Jakobsen una maji maangavu na mchanga safi, na pundamilia wanaozunguka eneo lile watamfanya awatambie wakubwa zake. Aogelee penye mchanga na maji yaliyo wazi, si kwenye matete wala mto unapoingilia, kwa ajili ya kichocho na mamba, na asiende mbali na ukingo. Ziwa hili lina kina kinachofikia mita 1,470 na sehemu nyingi linashuka ghafla. Jioni mle migebuka au kuhe wa kuchoma na ugali wa muhogo.

Mji wa tatu uwe Mwanza, kwa sababu ya huyo wa miaka 17. Anakaribia kuchagua chuo, na SAUT (Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino) pamoja na Bugando (chuo cha afya) viko pale. Akitembea ndani ya lango la chuo ataongea mambo ambayo nyumbani haongei. Mdogo ambaye hakuingia Gombe anapata Saanane, hifadhi ya taifa ya kisiwani, dakika chache kwa boti kutoka mjini. Na mkitaka, makumbusho ya Wasukuma Bujora yako njia ya Musoma, eneo la Kisesa. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 lina urefu wa kilomita 3 hivi, nalo linawavutia vijana wanaopenda ujenzi.

Mpangilio wenu basi ni usiku mmoja kwenye treni, Kigoma usiku tatu, Tabora usiku mbili, Mwanza usiku tatu, siku ya kumi basi la asubuhi kurudi kupitia Nzega na Tabora. Ratiba ya treni ikigoma, ng'oa Mwanza na uongeze usiku Kigoma, usiing'oe Kigoma.

Malazi, piga simu mapema ueleze umri wa watoto na jinsia zao. Gesti nyingi zina masharti kuhusu nani analala na nani, na chumba cha vitanda viwili hakipatikani kila mahali. Kwa pesa, gawa bahasha za kila mtoto nyumbani, moja kwa kila mji, na umpe ya mji husika mkifika. Akimaliza ya Kigoma siku ya kwanza, usimwongezee. Asali ya Tabora nunueni mwishoni mnapopita kurudi, kwenye madumu yanayofungwa kwa kifuniko cha kuzungusha, na muyasimamishe chini ya kiti, yasiwekwe buti la basi.