Sanduku la huduma ya kwanza: dawa fungia, gozi acha wazi

Wakuu, habari za muda huu.

Mleta uzi kahamia Mbeya na watoto wawili wadogo, anauliza anunue sanduku la huduma ya kwanza lililopangwa tayari au akusanye vifaa mwenyewe. Kusanya mwenyewe, ndugu yangu. Ila kabla ya vifaa, sikiliza yaliyonikuta hapa Uyole.

Ilikuwa Julai, na baridi ya Julai ya huku utaijua tu. Jiko la mkaa linaingizwa sebuleni, birika juu, watoto wamelizunguka. Binti yangu wa miaka mitatu akavuta kitambaa cha birika, chai ikammwagikia mkono, kiwiko hadi vidole. Mimi niko dukani Mwanjelwa. Sanduku nilikuwa nalo, limejaa kila kitu, nimelifungia kabatini mtoto asije akala vidonge, na ufunguo uko kwenye pochi yangu. Jirani kwa huruma yake akawahi na dawa ya meno, akampaka vidole viwili. Dada wa kazi ndiye aliyemnyakua mtoto akamkimbiza bombani.

Zahanati ilibidi muuguzi aiondoe ile dawa ya meno kidogo kidogo kwa gozi yenye maji, imeshakaukia juu ya malengelenge. Kile kilio bado nakisikia.

Kwa hiyo shika hili kuliko yote: mtu akiungua, maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20. Siyo mbili. Maji ya bomba ya Julai yanachoma kama sindano, mtoto atatetemeka na bibi yake atasema inatosha. Mfunike blanketi mwili wote, acha nje sehemu iliyoungua tu, endelea. Bangili vua mapema kabla hajavimba. Nguo iliyogandia kwenye ngozi usiibandue. Barafu, unga, yai, mafuta ya kupikia, vyote hapana. Hata kama mmechelewa, maji yana faida ndani ya saa 3 za mwanzo. Kisha funika kwa gozi au khanga safi, mpeleke akaonwe. Na jiko lenyewe litoke nje kabla hamjalala. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu ya kukuamsha.

Baada ya siku ile niligawa vitu mafungu mawili. Dawa za kumeza zina kufuli lake. Vifaa vya kidonda viko kwenye ndoo ndogo yenye mfuniko wa kubana, juu ya rafu ya sebuleni, mtoto hafikii ila mtu mzima anaipapasa hata umeme ukikatika. Nilichagua ndoo kwa sababu ya unyevu: dada yangu yuko Tukuyu, mvua za kule zilimharibia gozi na plasta zikaacha kushika.

Ndani kuna glavu, gozi za kutosha (masanduku ya tayari niliyoyaona yamejaa plasta ndogo, gozi mbili tu), bandeji za kuzungushia, mkasi, kibanio, ayodini, sabuni, tochi. Ukikatwa na panga au jembe, bonyeza kwa gozi dakika 10 bila kuchungulia. Damu ikipenya, ongeza gozi juu, usiondoe ya chini. Spiriti usimimine ndani ya kidonda. Safisha kwa maji na sabuni. Kidonda kilichozama ndani, kikaingia udongo au samadi, nenda ukaulizie chanjo ya pepopunda hata kama damu imekata.

Kwenye kufuli nina kipimajoto, ORS (ile chumvi ya pakiti ya kumnywesha anayeharisha) na parasetamoli ya maji. ORS pakiti moja ni lita moja kamili ya maji yaliyochemshwa yakapoa, usikisie kwa vikombe, na iliyobaki baada ya saa 24 mwaga. Parasetamoli ya mtoto inakwenda kwa kilo: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, si zaidi ya mara 4 kwa siku, na kati ya dozi zipite saa 4 au zaidi. Yangu ina miligramu 120 kwa mililita 5, kwa hiyo mtoto wa kilo 12 anatosheka na mililita 5, kwa kipimo cha chupa, siyo kijiko cha uji. Soma pia dawa ya mafua uliyonayo, nyingi zina parasetamoli ndani, ukizichanganya umezidisha dozi. Aspirini kwa mtoto usimpe.

Kingine, na huku kwetu ni kikubwa. Watu wanapulizia viazi, dawa inayobaki wanaitia kwenye chupa ya soda. Mtoto akinywa hiyo au mafuta ya taa, usimtapishe na usimpe maziwa. Beba chupa yenyewe, kimbia hospitali.

Juu ya mfuniko wa ndoo nimebandika karatasi: uzito wa kila mtoto, namba ya bodaboda anayepokea simu usiku, na namba yangu. Mama mkwe hasomi vizuri bila miwani, nikaandika kwa herufi kubwa za makapeni. Kila Januari na Julai naimwaga yote kitandani, naangalia tarehe, na dada wa kazi ndiye anayeirudisha ndani, ili mikono yake ijue kila kitu kilipo.