Dirisha Nalo Limekuwa Chanzo

Swali: Shikamoo Mwalimu. Napiga picha za harusi hapa Area C, Dodoma. Ukumbini kuna vyanzo mbalimbali vya mwanga, kila kimoja na rangi yake. Kazi ya kurekebisha rangi za picha hizo kwenye kompyuta tuiite kupaka rangi au kugredi, kutoka Kiingereza "grading"?

Jibu: Marahaba. Kwenye kugredi nitafika, ila kwanza hivyo vyanzo. Ulipoingia ukumbini uliona taa na dirisha, sivyo? Chanzo kinatokana na kuanza. Ni pale kitu kinapoanzia. Visima vya Makutupora ni chanzo cha maji yetu, sina ugomvi. Lakini bomba la jikoni hujawahi kuliita chanzo. Humwambii mkeo "funga chanzo, ndoo imejaa". Na usiku ukimwambia mtoto "zima chanzo cha mwanga ulale", atakushika paji la uso aone kama una homa. Ila ukishika kalamu tu, taa inavalishwa suti kama inakwenda semina, na "mbalimbali" anaifuata nyuma kambebea mkoba.

Tena hasara ni yako mwenyewe. Ukiniambia vyanzo, sijajua kitu. Niambie glopu, najua bibi harusi kageuka manjano. Niambie taa ya tyubu, najua kapata ukijani wa mtu aliyelazwa. Dirisha la upande wa kivulini? Bega moja limepiga bluu. Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini: namba ikiwa ndogo mwanga ni manjano, ikipanda unaelekea bluu. Glopu ya kawaida ni kama kelvini 2,700, mwanga wa mchana kama 5,500, ndiyo maana ukiutoa uso umanjano, bega linazidi bluu, na inakubidi urekebishe kipande kwa kipande. Ugomvi wote huo umeufunika kwa neno moja la ofisini.

Haya, swali lako. Kupaka rangi hapana. Tuwaachie wenye kuta na kucha. Kuondoa umanjano wa glopu na ukijani wa tyubu ni kusawazisha rangi. Ukishasawazisha, ukataka picha iwe na mvuto wako, unaikoleza au unaipausha. Kiswahili kinayo hayo tangu zamani, wala hakikusubiri kompyuta.

Kugredi nililizoea soko la Kibaigwa, kwenye kupanga mahindi kwa ubora. Nilitaka kulifukuza, nikakumbuka kwamba greda nalo kazi yake ni kusawazisha barabara. Basi semeni kugredi huko studio, nimechoka kupigana. Ila kwenye karatasi ya bei andika kusawazisha rangi, mama wa bibi harusi ajue analipia nini.