Maswali na Majibu: Wenzetu wamesapu Hisabati

SWALI: Mimi ni kiongozi wa darasa, mwaka wa kwanza uhandisi, katika chuo kimoja hapa Arusha. Wasichana tuko 9 kati ya watu 70, wengine wametoka Longido na Simanjiro. Watano wamesapu Hisabati, yaani wamefeli na watarudia mtihani, na mmoja anafungasha arudi kwao. Tunataka kuanzisha tuisheni ya waliofeli. Tuanzie wapi?

JIBU: Hiyo tuisheni acheni. Anayeingia mle darasa zima linamwona, kwa hiyo mnaowalenga ndio watakaokwepa. Mwanahisabati Uri Treisman alipochunguza kule Berkeley, Marekani, miaka ya 1970, aliwakuta wanafunzi Weusi wanaofeli kalkulasi (hisabati ya mabadiliko) si wavivu hata kidogo: walisoma sana, ila kila mmoja kivyake. Wenzao wa asili ya China walisoma, kisha wakakutana kukosoana. Wale waliokuwa wakifeli hakuwapa masomo ya kurudia. Aliwapa maswali magumu, wayafanye pamoja.

Nanyi gawaneni watu 5 au 6, kwa muda wa saa 2, mara 2 kwa wiki, waliofaulu na waliosapu humo humo. Msichana asiachwe peke yake kwenye kikundi cha wavulana, atageuzwa katibu. (Maabara vilevile: aliyeandika ripoti leo, wiki ijayo ndiye afunge nyaya.)

Jaribuni hili. Tangi la umbo la koni, ncha chini, lina kina cha mita 2 na nusukipenyo cha mita 1 mdomoni. Maji yanaingia mita za ujazo 0.5 kwa dakika. Yakifika kina cha mita 1, yanapanda kwa kasi gani? Dakika 10 kila mtu kimya, ndipo mzungumze. Kuna watakaopata 0.48, kwa kuwa wameiacha nusukipenyo ibaki 1 muda wote. Kumbe maji yakipanda, upana nao unaongezeka: nusukipenyo ni nusu ya kina, na jibu ni mita 0.64 kwa dakika. Anayesoma peke yake halioni kosa hilo, maana hesabu zake nyingine zote ziko sawa.

Anayejua asishike chaki, kazi yake ni kuuliza "kwa nini?" Bishaneni kwa Kiswahili, au Kimaasai wakiwepo wawili, lakini hatua ziandikwe kwa Kiingereza cha mtihani.

Huyo anayefungasha asiondoke kimyakimya. Kwanza aulize idarani tarehe ya sapu. Akiona bado hawezi, aandike barua ya kuahirisha masomo na abaki na nakala yenye muhuri. Aliyetoweka tu atapata shida kurudi.