Kibanda cha magogo bustanini: anza na kibaraza, chumba kitafuata

Kila ikikaribia majira ya joto hapa Uingereza, simu huanza. "Nasikia mna kile kibanda cha magogo, kile chenye kibaraza. Mlichukua cha ukubwa gani? Na sisi tunataka." Wanaouliza ni watu wetu wa Leicester, Reading, Milton Keynes, wenye nyumba za matofali zilizobanana na kauwanja kadogo nyuma. Wote wanataka kujua habari za chumba. Mimi nawaambia chumba wakiweke kando kwanza. Kibaraza kitatazama wapi? Kutoka ukutani hadi kwenye nguzo ni mita ngapi? Nani atakaa pale, na saa ngapi?

Chumba ukikikosea kidogo utasogeza dawati na kochi, maisha yataendelea. Kibaraza kikikosewa hakuna cha kusogeza, maana kimebebwa na paa lilelile la chumba. Na kwa sisi tuliolelewa kukaa nje, hapo ndipo fedha inapofanya kazi. Kwangu mimi, chumba kile mchana ni ofisi ya mke wangu na jioni hufungwa. Kibarazani ndiko kuna watu: kahawa, karata, wageni wa Idi, watoto wa shemeji na baiskeli zao. Mvua ya nchi hii haina adabu, inakuja na kuondoka mara tano kwa siku moja ya mwezi wa saba, na hakuna mwenye hamu ya kuhamisha sinia la pilau kila wingu likipita.

Tuanze na kipimo, kwa sababu hapo ndipo wengi wanauziwa picha. Katika katalogi kibaraza kinapigwa picha kikiwa na viti viwili na chungu cha maua. Mara nyingi hicho ni cha mita moja au moja na nusu, na kweli viti viwili vinaenea, vikiwa vimepangwa mstari kama vya kusubiria daktari. Ukitaka meza, fanya hesabu hii: meza yenyewe sentimita 80, na kila upande mtu aliyekaa akitaka kusogeza kiti ainuke anahitaji kama sentimita 75. Umeshafika mita 2 na sentimita 30, na bado hakuna aliyepita nyuma ya mtu na birika la chai. Kisha kumbuka kwamba mvua ikija na upepo hailowanishi nje tu, inaingia nusu mita ndani ya ukingo. Ndiyo maana nasema mita 2 na nusu ni kima cha chini, na mita 3 ukiweza. Ukienda kwa muuzaji kwenye vibanda vya maonyesho, chukua futi kamba na viti vya kukunja kwenye buti la gari. Kaa. Sukuma kiti nyuma kama mtu aliyeshiba. Muuzaji atakuangalia vibaya, mwache aangalie.

Jambo la pili ni kibaraza kiwe mbele ya mlango au ubavuni. Cha mbele kinapendeza, kina sura ya nyumba ya pwani, lakini paa lake linakula mwanga wa chumba. Nchi ambayo mwezi wa kumi na mbili jua la London linazama kabla ya saa kumi jioni, mwanga si kitu cha kuchezea. Utajikuta unawasha taa saa sita mchana. Cha ubavuni kinaacha milango ya vioo na madirisha wazi mbele, na kinakupa ukuta mmoja wa kuegemea, ule wa chumba. Ukiweza, agiza na ukuta wa nyuma pia, ili pande mbili ziwe zimezibwa. Upepo mkubwa wa nchi hii unatoka kusini-magharibi na mvua nyingi huja nao. Kibaraza kilicho wazi pande tatu, mwezi wa kumi hakikaliki hata kwa makoti.

Kuhusu jua, sisi wa karibu na ikweta tumezoea jua la utosini na tunasahau kwamba huku linatembea chini, upande wa kusini. London, mwezi wa sita saa sita mchana, jua linapanda hadi kama nyuzi 62. Mwezi wa kumi na mbili linafika nyuzi 15 tu na kurudi. Kibaraza kinachotazama kusini, chenye mwanya wa mita 2 na sentimita 20 kwenda juu, mchana wa Juni jua linaingia zaidi kidogo ya mita moja tu kutoka ukingoni, na waliokaa nyuma wana kivuli. Desemba jua hilohilo linapita chini ya paa lote hadi ukutani. Ni mpango mzuri kabisa, isipokuwa jirani. Kwa nyuzi 15, nyumba yenye kimo cha mita 8 inatupa kivuli cha karibu mita 30. Kama upande wako wa kusini kuna nyumba ya mtu, usilipie jua la baridi ambalo hutaliona. Afadhali geuza kibaraza kielekee magharibi upate la jioni wakati wa joto, na uzibe kona ya kusini-magharibi.

Sasa sheria. Hapa naomba usome polepole, kwa sababu ndipo neno "hakihitaji kibali" linapouzwa kirahisi. Ninasema juu ya England tu; Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini wana taratibu zao. Kibanda cha bustanini kinaruhusiwa bila maombi ya mipango miji mradi kiwe cha ghorofa moja, kisiwe mbele ya nyumba, ukingo wa chini wa paa usizidi mita 2 na nusu, na kimo chote kisizidi mita 4 kwa paa la mgongo wa pande mbili, au mita 3 kwa paa la aina nyingine. Kikiwa ndani ya mita 2 kutoka kwenye mpaka wa jirani, kimo chote ni mita 2 na nusu, basi. Bustani zetu zilivyo, karibu kila mtu yuko ndani ya mita hizo 2. Majengo yote ya nyongeza kwa pamoja yasifunike zaidi ya nusu ya eneo linalozunguka nyumba kama ilivyojengwa mwanzoni. Ukiishi kwenye fleti, ruhusa hiyo haikuhusu.

Mpaka hapo wauzaji wengi wanakueleza vizuri. Kisichosemwa ni kwamba kanuni hiyohiyo inataja veranda, roshani na jukwaa lililoinuliwa kuwa nje ya ruhusa. Jukwaa huhesabiwa limeinuliwa likizidi sentimita 30 kutoka ardhini. Maana yake, kibanda chako kinaweza kuwa sawa kwa kimo na kwa eneo, halafu kikakwama kwa sababu ya kile kibaraza ulichokipenda. Paa linalotokeza juu ya sakafu iliyo usawa wa ardhi ni jambo moja. Sakafu ya mbao yenye ngazi, uzio wa mkono na paa juu yake ni jambo jingine, na maofisa wa halmashauri ndio wanaoamua limeangukia wapi. Dawa ni kuiuliza halmashauri yako mapema ukiwa na mchoro wa kibanda mkononi, na kuomba ule uthibitisho wa maandishi kwamba ujenzi ni halali bila kibali. Una ada yake, lakini siku ukiuza nyumba, wakili wa mnunuzi ataulizia karatasi hiyohiyo.

Kanuni za ujenzi ni suala tofauti na mipango miji, watu huzichanganya. Jengo la sakafu isiyozidi mita za mraba 15 lisilolaliwa kwa kawaida haliguswi. Kati ya 15 na 30, bado lisilolaliwa, liwe angalau mita moja kutoka mpakani au lijengwe kwa vifaa visivyoshika moto, na magogo yanashika moto. Yaani ukitaka kumlaza mjomba humo miezi mitatu, hiyo ni habari nyingine kabisa.

Mbao nazo. Magogo haya si magogo kwa maana ya mti mzima. Ni mbao nene zilizorandwa, mara nyingi za miti ya jamii ya misonobari kutoka nchi za Baltiki, zinazoshikana ulimi kwa mfereji na kufungana kwenye pembe. Unene ndio bei: milimita 28 ni stoo au mahali pa kukaa wakati wa joto, 44 ndipo ninapoanza kuhesabu chumba cha mwaka mzima, 70 ni raha. Lakini ukinunua ukuta wa 70 ukaacha sakafu na paa bila kizuia baridi, fedha imetoka kwa juu. Kati ya 70 tupu na 44 yenye paa na sakafu zilizokingwa vizuri, mimi nachukua 44 bila kufikiri.

Na mbao hizi zinatembea. Ubao hunywa unyevu ukavimba na kukauka ukasinyaa, upande wa upana, karibu hakuna kwa urefu. Zidisha hiyo kwa magogo yaliyopandana hadi dari, ukuta mzima unashuka na kupanda kwa sentimita kadhaa katika mwaka. Hapo ndipo kibaraza kinapoingia tena, maana nguzo zake zimesimama wima. Urefu wake haubadiliki. Ukuta ukishuka na nguzo zikabaki, paa linaning'inia kwenye nguzo, magogo ya juu yanaachana, na mlango unaanza kukwama. Kibanda cha maana kina nguzo zenye mguu wa chuma wenye nati ya kurekebisha. Majira ya kwanza ya joto, mbao zilipokauka, nilipiga magoti na spana nikalegeza nati ya kila nguzo taratibu, nusu mzunguko huku, nusu kule, mpaka ule mwanya mwembamba uliofunguka kati ya magogo ya juu ya ukuta ukafunga. Muulize muuzaji: mguu wa nguzo unarekebishika? Akikuambia nguzo zinapigiliwa misumari juu ya sakafu, mshukuru uende kwingine. Vilevile usikubali fundi aunganishe magogo kwa skrubu ndefu kutoka juu hadi chini, wala ajaze ule mwanya unaoachwa juu ya mlango na dirisha. Umewekwa makusudi.

Msingi nisiuzungumze sana: zege lililo sawasawa, lililopimwa kwa pima maji kila upande, na chini ya nguzo za kibaraza pawe na zege lilelile, si vigae vilivyolazwa juu ya udongo wa mfinyanzi. Udongo huo ukikauka unapasuka na kushuka, nguzo moja inazama, na paa linafuata. Sehemu ya chumba isiwe na zege linalotokeza nje ya kuta, maana mvua hudunda hapo na kurukia gogo la chini kabisa, linalooza kabla ya mengine. Paa likiwa la mteremko mdogo, weka mpira wa kipande kimoja badala ya karatasi ya lami. Na gata liwekwe upande wa kibaraza, usisubiri msimu wa pili. Bila gata, pazia la maji linashuka pale pale watu wanapopita.

Nyama choma. Najua ndiyo iliyokuleta. Jiko la mkaa lisikae chini ya paa hilo: dari liko chini, ni ubao mkavu uliopakwa mafuta, na cheche hazina subira. Choma nje, kula ndani ya kibaraza. Na lisiingizwe chumbani hata likiwa limebaki majivu mekundu ya kuotea mikono. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na huku watu hufa nayo. Kwa joto tumia hita ya umeme ya ukutani, na umeme huo uletwe na fundi aliyesajiliwa, kwa waya wenye ganda la chuma uliofukiwa ardhini, si ekstensheni iliyopitishwa dirishani.

Mwisho, bei unayoiona mtandaoni mara nyingi ni ya mbao tu. Uliza kama ina sakafu, kizuia baridi, madirisha ya vioo vya tabaka mbili, gata, rangi na mafundi. Na msingi na umeme uhesabu pembeni. Mbao nyingi huja tupu, bila dawa, na zinatakiwa kupakwa mara tu kibanda kinaposimama, milango na madirisha pande zote, hata kingo za chini zisizoonekana. Lori nalo kwa kawaida linashusha kando ya barabara, na kazi ya dereva inaishia hapo. Kwa hiyo pima uchochoro wa ubavuni mwa nyumba kabla hujalipa. Vibanda vinavyokwama ni vile vyenye kibaraza, kwa sababu boriti inayobeba paa la chumba na la kibaraza kwa pamoja mara nyingi huwa kipande kimoja kirefu, na huwezi kuikata ili ipite kwenye kona. Kama nyumba yako iko katikati ya safu na haina uchochoro, omba orodha ya vipande na urefu wake, kisha pima kutoka mlango wa mbele, kupitia sebuleni, hadi mlango wa jikoni.